Hindi Moja Lililowashinda Wakubwa Kumi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakilima, wakipika, wakioana na kusutana kama sisi, palikuwa na bonde moja lenye udongo mweusi mzuri. Leo msinikatize. Hadithi hii kila nikiisimulia hupandwa na hasira, na nikikatizwa hasira hunizidi.

Bondeni mle waliishi wanyama wadogo: Nguchiro, Panya, Kanga, Kobe, Kindi na wenzao. Walilima shamba moja la mahindi, wote pamoja. Na juu kilimani waliishi Wakubwa Kumi.

Wakubwa Kumi ni nani? Tembo ndiye aliyekuwa mkuu wao. Nyati ndiye aliyekuwa mpiganaji wao. Kisha Kifaru, Kiboko, Twiga, Pofu, Nyumbu, Ngiri na Nyani. Hao ni tisa. Wa kumi alikuwa Fisi. Fisi hakuwa mkubwa wa mwili, wala hali mahindi. Fungu lake alilibadilisha kwa mifupa. Walimwingiza kwa sababu moja tu. Katika wote hao, ni yeye peke yake aliyejua kuhesabu kupita ishirini.

Mnamngoja Sungura? Sungura hakuwepo. Alikuwa ameshahama, amekwenda zake ng'ambo ya mto kutafuta raha. Leo tutamtegemea mwingine.

Basi Wakubwa Kumi walikuwa na sheria yao, wakaiita Mgao wa Bahati. Siku ya mavuno, wadogo walete mahindi yote uwanjani. Wakubwa waje, wasipungue wawili, wasizidi kumi. Wayagawe mafungu sawa kwa idadi ya waliokuja. Yakigawanyika sawasawa, pasibaki hata hindi moja, basi bahati imewapa wakubwa: yote yao. Lakini likibaki hata moja, bahati imekataa: yote yanarudi kwa waliolima.

"Si ni haki hiyo?" Tembo aliwaambia. "Huenda tukapata, huenda tukakosa. Bahati haina upendeleo."

"Na sisi tunawalinda," Nyati akaongeza.

"Mnatulinda na nani?" Panya aliuliza.

Nyati akamtazama. Panya naye hakurudia swali lake.

Mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa elfu moja mia tisa arobaini na sita. Wakaja wakubwa wawili, Tembo na Nyati. Yakagawanyika sawasawa. Wakabeba yote.

Mwaka wa pili yalikuwa elfu mbili mia moja na saba. Wakaja wakubwa saba. Yakagawanyika sawasawa. Wakabeba yote, wakaacha maganda matupu.

Wadogo wakasema, "Bahati yetu mbaya." Wakaenda kuchimba mizizi.

Sasa, huyo Nguchiro. Alikuwa mwembamba, mwepesi, macho mekundu, mkia wake mrefu kuliko subira yake. Hakujaliwa mtoto. Lakini dada yake alipokufa alimwachia watoto watatu, Mosi, Pili na Tatu, nao walimwita mama mkubwa. Katika bonde zima, hapakuwa na mama mkubwa mdogo kama yeye.

Kiangazi cha mwaka ule wa pili kilikuwa kirefu. Mizizi ikaisha. Tatu, aliyekuwa kitinda mimba, akaanza kulala mchana. Asubuhi moja Nguchiro alimkuta jikoni, karibu na mafiga yaliyopoa, amefariki. Mdomoni alikuwa ameuma ganda la hindi. Ganda tupu.

Nguchiro alilia. Alilia mpaka kilimani wakasikia. Nyati akashuka, na Fisi nyuma yake.

"Makelele ya nini haya?" Nyati akafoka. "Unamlilia nani, we tasa? Kitoto chenyewe si chako!"

"Khe khe khe khe!" Fisi akacheka.

Machozi ya Nguchiro yalikauka papo hapo. Aliwatazama mpaka wakaondoka. Hasira ikaja ikaketi pale machozi yalipotoka, na haikuinuka tena.

Walipomaliza kuzika, alikwenda mtoni peke yake. Akaanza kuokota kokoto. Moja, mbili, tatu… Aliokota siku nne, mpaka akapata elfu mbili mia moja na saba, sawa na mahindi ya mwaka ule. Akazifanya ndizo mahindi, akayagawa mafungu mawili. Likabaki moja. Akayagawa matatu. Likabaki moja. Manne, yakabaki matatu. Matano, yakabaki mawili. Sita, likabaki moja. Saba…

Hapakubaki kitu.

Akajaribu nane, yakabaki matatu. Tisa, likabaki moja. Kumi, yakabaki saba.

Nguchiro akasimama. "Saba peke yake!" akasema. "Na wao walikuja saba! Kwa nini hawakuja watano? Kwa nini hawakuja wote kumi?"

Ndipo akakumbuka. Kila mwaka, siku moja kabla ya mgao, Fisi huja uwanjani. Husema amekuja kukagua kama mahindi yamekauka. Huzungukazunguka akitikisa midomo.

"Alikuwa akihesabu!" Nguchiro akapiga kelele mpaka korongo wakaruka, purrr! "Anahesabu, anarudi kilimani, anawaambia: kesho njooni saba! Bahati gani hiyo? Bahati gani? Mtoto wangu amekufa kwa bahati ya Fisi!"

Aliupiga teke mlima wa kokoto, zikatawanyika majini, chubwi chubwi chubwi. Kisha akakaa chini, akaziokota upya. Kwa sababu hasira isiyo na kazi humla mwenyewe, na yeye alitaka yake iwale wengine.

Alikaa na kokoto zile miezi. Watu wakasema Bi Nguchiro amerukwa na akili. Msimu wa kupanda ulipokaribia, aliwaita wenzake wote nyumbani kwake. Aliweka kokoto sita juu ya mkeka.

"Mama Kanga, zigawe mafungu mawili."

"Matatu, matatu. Hakuna kilichobaki."

"Zigawe mafungu matatu."

"Mbili, mbili, mbili. Hakuna kilichobaki."

"Haya. Sita ni namba inayowakubali wawili na inawakubali watatu. Sasa naongeza kokoto moja. Ziko ngapi?"

"Saba."

"Gawa kwa wawili."

"Imebaki moja."

"Gawa kwa watatu."

"Imebaki moja tena!" Kanga akashangaa. "Heh!"

"Umeona? Namba inayowakubali wote, ukiiongezea moja tu, inawakataa wote. Moja ile haina pa kwenda."

Mzee Kobe akatoa shingo. Kobe huyu alikuwa mbishi. Hata mvua ikinyesha alibisha kwamba ni umande. "Hao ni wawili na watatu," akasema. "Wakubwa wanaweza kuja nane. Wanaweza kuja tisa."

"Ndiyo maana vidole vyangu vimechubuka, Mzee Kobe! Nimetafuta namba inayowakubali wote, tangu wawili hadi kumi. Nilianza na sitini. Sitini inawakubali wawili, watatu, wanne, watano, sita, na kumi. Saba ikawakataa. Nikaichukua sitini mara saba, nikapata mia nne na ishirini. Hapo saba wakakubaliwa, nane wakakataliwa. Nikaichukua mara mbili, mia nane na arobaini. Nane wakakubaliwa. Wakabaki tisa peke yao. Nikaichukua hiyo mara tatu."

"Ikawa?"

"Elfu mbili mia tano na ishirini. Hiyo inawakubali wote. Waje wangapi, wataondoka na yote."

"Sasa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote!" Panya akalia.

"Ndiyo. Mpaka uiongezee moja."

Kisha Kanga akasema, "Basi tupeleke elfu mbili mia tano ishirini na moja uwanjani, tunyamaze."

"Fisi atakuja kuhesabu. Ataona inawakataa wote. Unadhani atarudi mikono mitupu? Ataiba moja, mambo yao yatengenee. Hapana. Lile moja lazima lifike baada ya yeye kuhesabu. Na lazima wao wenyewe walidai."

"Na wasipolidai?" Kobe akauliza. "Wakisema, hilo moja kaeni nalo?"

"Basi tumekwisha," Nguchiro akasema. "Lakini niambie, Mzee Kobe. Katika umri wako wote, umewahi kuwaona wakiacha hata moja?"

Kobe akafikiri. Akarudisha shingo ndani. Kutoka humo gambani wakamsikia akisema, "Sijawahi."

Wakapanda. Walipanda kwa hasira, wakapalilia kwa hasira, na mvua nayo ikawasaidia. Walipovuna walipata mahindi elfu mbili mia sita na matatu. Moja wakaliacha kwenye bua lake, mwisho kabisa wa shamba. Themanini na mawili wakayachoma, wakayala kwa siku tatu, watoto wakianza. Mosi na Pili walikula mpaka matumbo yakawa ngoma. Yaliyobaki wakayarundika uwanjani: elfu mbili mia tano na ishirini, si moja zaidi, si moja pungufu.

Siku iliyofuata Fisi akaja kukagua. Akazunguka, akanusa, akatikisa midomo. Mara akasimama. Akahesabu tena. Mkia ukaanza kumtikisika.

"Yamekauka," akasema. "Yamekauka vizuri sana!" Akapanda kilima mbio, akijikwaa.

"Mzee Tembo! Mzee Tembo! Elfu mbili mia tano na ishirini!"

"Maana yake nini?"

"Twende wawili, yetu. Twende watano, yetu. Twende tisa, yetu. Twende wote kumi, yetu! Namba hii sijawahi kuiona maishani mwangu! Haikatai mtu!"

Kilima kizima kikatikisika kwa kicheko.

Asubuhi yake wote kumi wakashuka, ndi! ndi! ndi! Vumbi likatanda. Wadogo walikuwa wamesimama upande mmoja wa uwanja. Safari hii hawakuwa peke yao. Walikuwa wamealika majirani kutoka ng'ambo ya mto, swala, pundamilia, mbuni na ndege wa kila aina, waje waone mgao.

Nguchiro akatoka mbele. "Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Sema haraka."

"Sisi tumechoka na mgao huu. Tunasema ni wizi."

Nyati akakanyaga mbele. "Unasema nini, we tasa?"

"Nimesema wizi, na masikio unayo! Kama ni bahati kweli, leo tuijaribu yote. Msichague mtakuja wangapi. Gaweni kwa wawili. Kisha gaweni kwa watatu, na wanne, hadi kumi. Mara tisa. Ikitokea hata mara moja tu mahindi yakagawanyika sawasawa, chukueni mahindi yote na shamba lenyewe, na sisi tutahama bonde hili leo hii na watoto wetu. Lakini kama mara zote tisa bahati itakataa, sheria yenu ife. Msikanyage tena shamba hili, ninyi wala wajukuu wenu."

Fisi alikuwa akijiuma ulimi asicheke. Akamnong'oneza Tembo, "Kubali! Kubali haraka kabla akili haijamrudia!"

Tembo akainua mkonga. "Mmesikia wote? Nakubali. Naapa kwa pembe zangu mbili."

"Na hao tisa?" Nguchiro akauliza.

"Tunaapa!" wakanguruma.

"Ngoja!" Fisi akaruka katikati. Alikuwa anamwogopa Nguchiro. Alihofu asije akala hindi moja kwa siri akaharibu hesabu. "Na tuapie hili pia. Ngoma ya mgao ikishalia, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, hakuna kuvunja! Mahindi mazima matupu! Atakayeliharibu hata moja kwa jino au kwato, upande wake umeshindwa!"

"Lo!" Nguchiro akashika kichwa. "Hata kuvunja?"

"Hata kuvunja! Mnaapa au hamwapi?"

"Tunaapa," Nguchiro akasema kwa sauti ndogo. Na wote, wakubwa kwa wadogo, wakaapa.

Nyani akachukua magongo kupiga ngoma. Fisi akamzuia. Akamsogelea Nguchiro, pua kwa pua.

"Kabla haijalia. Mmeleta yote? Hamkuficha?"

"Hatukuficha."

"Hakuna hata moja lililobaki shambani?"

Nguchiro akatazama chini. "Liko moja," akasema. "Mwisho wa shamba, kwenye bua. Ni dogo. Tulisema watoto walipate hilo, maana haya yote mtachukua ninyi."

"Aha!" Fisi akageukia wenzake. "Mmeona? Wezi ni wao!"

"Ni moja tu, Mzee Tembo," Nguchiro akasema. "Katika yote haya. Tuachieni moja."

Huku nyuma Mama Kanga alikuwa amefumba macho. Panya alikuwa anauma mkia wake mwenyewe. Tembo akatazama lile rundo kubwa, kisha akamtazama Nguchiro. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atasema, haya, kaeni nalo.

Nyati akapiga kwato chini, tih! "Hata moja hatuachi! Leo moja, kesho watataka mawili! Kalilete!"

"Kalilete!" wakapaza sauti wote.

"Kalilete," Tembo akasema.

Nguchiro akaenda. Alikuwa anatetemeka, na wakubwa wakadhani ni woga. Akalivunja hindi lile kutoka kwenye bua, akalibeba kichwani, akalirudisha, akaliweka juu ya rundo.

"Haya," akasema. "Hakuna lililobaki. Pigeni ngoma yenu."

Du-du-du-du-dum!

Tembo na Nyati wakaanza. Hili kwako, hili kwangu, hili kwako, hili kwangu. Puu, puu, puu, puu. Elfu moja mia mbili na sitini huku. Elfu moja mia mbili na sitini kule. Katikati, mavumbini, likabaki hindi moja dogo.

"Limebaki moja!" wakaimba ndege.

"Si kitu," Tembo akasema. "Mara nane bado."

Wakaja watatu, pamoja na Kifaru. Mia nane na arobaini kila mmoja. Likabaki moja.

Wakaja wanne. Mia sita na thelathini kila mmoja. Likabaki moja.

"Fisi!" Nyati akafoka. "Ulisema nini wewe?"

"Tumekosea kugawa! Kiboko ana midomo mikubwa, amechanganya! Endeleeni!"

Watano, mia tano na manne kila mmoja. Likabaki moja. Jua lilikuwa utosini na jasho liliwatoka. Sita, mia nne na ishirini. Moja. Saba, mia tatu na sitini. Moja. Kila mara lile lile, dogo, katikati ya uwanja, kama linawatazama. Sasa pundamilia na mbuni walikuwa wanahesabu kwa sauti, na kila fungu la mwisho likijaa uwanja mzima ulipiga kelele: "Limebaki mojaaa!"

Fisi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amechuchumaa pembeni akichora mchangani kwa ukucha, anafuta, anachora, anafuta. Mara akaganda. Alikuwa ameelewa.

Nane. Mia tatu na kumi na matano. Moja.

Tisa. Mia mbili na themanini. Moja.

Wakaja wote kumi, kimya, vichwa chini. Mia mbili hamsini na mawili kila mmoja.

Likabaki moja.

"Nitalila!" Nyati akanguruma. "Nitalila hilo moja sasa hivi tuone kama litabaki!"

"Lile!" Nguchiro akaruka mbele yake, nywele zote zimemsimama, mkia kama gongo. "Lile, Nyati! Fisi amesema nini? Hakuna kupunguza! Weka jino lako hapo, upande wako umeshindwa mara ya kumi!"

"Tulivunje vipande kumi!" Nyani akasema.

"Hakuna kuvunja! Ninyi ndio mlioapa!"

"Basi tuite wengine!" Kiboko akasema. "Tuwe kumi na mmoja, kumi na wawili, ishirini!"

"Iteni!" Nguchiro alikuwa anapiga kelele sasa, sauti imepasuka. "Sheria inasema kumi, lakini mimi nawapa ruhusa. Iteni hamsini! Iteni mia! Nimeijaribu namba hii mimi kwa kokoto, moja moja, miezi mitatu. Haigawanyiki kwa yeyote! Inamkubali mmoja peke yake, au umati sawa na yenyewe, kila mtu hindi lake. Mwulizeni Fisi!"

Wote wakamgeukia Fisi. "Ni kweli," Fisi akasema.

"Mliniita tasa," Nguchiro akasema. Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ndipo wakubwa walipoogopa. "Mbele ya maiti mliniita tasa. Haya, mkutane na mwenzangu. Elfu mbili mia tano ishirini na moja. Namba tasa. Hamtazaa chochote kwake. Hamtapata kitu kwake milele."

Na ninyi mnaosoma, mkienda shuleni mtasikia mwalimu akiziita namba za namna hiyo kwa jina hilo hilo.

Hapo Wakubwa Kumi wakageukiana. "Wewe Fisi ndiye uliyeuliza kama liko lililobaki shambani!" Nyati akapiga ukelele.

"Na wewe ndiye uliyesema hata moja hatuachi!"

"Nani aliyesema namba hii haikatai mtu?"

"Ilikuwa haikatai! Mpaka mkadai nyongeza!"

Puu! Nyati akampiga Fisi kichwa, akamrusha hadi kwenye miiba. Kifaru akamkanyaga Ngiri, Ngiri akamng'ata Nyani, Nyani akampiga Twiga kwa magongo ya ngoma. Vumbi likawafunika. Nyati akatoka humo vumbini akipiga kelele, "Sheria gani! Kiapo gani! Tuyabebe tu kwa nguvu! Nani atatuzuia?"

Wadogo wakarudi nyuma. Nguchiro hakurudi. Alisimama palepale juu ya mafungu yale, mikono kiunoni.

Tembo akanyoosha mkonga, akamshika Nyati pembe. "Nimeapa kwa pembe zangu mbele ya bonde hili na la jirani," akasema. "Nikivunja leo, kesho hata ninyi tisa hamtaniamini. Ondokeni."

"Mzee…"

"Nimesema ondokeni!"

Wakaondoka mmoja mmoja, Fisi wa mwisho, akichechemea, miiba mgongoni. Majirani wakawazomea mpaka kilimani, "Uuuuu! Limebaki mojaaa!" Wadogo wakaanza kukimbilia mahindi, wakikumbatiana, Kanga akilia na kucheka. Mzee Kobe akabisha kwamba alijua tangu mwanzo.

Tembo peke yake alikuwa amebaki. Akamgeukia Nguchiro.

"Nikuulize," akasema. "Kama tungekuachia lile moja ulipoliomba, ingekuwaje?"

"Mngegawa elfu mbili mia tano na ishirini," Nguchiro akajibu. "Mngeondoka na yote, na shamba juu yake. Nami ningehama na watoto wangu, sina la kusema."

"Kwa moja tu?"

"Kwa moja tu. Niliwaomba, Mzee Tembo. Mbele ya watu wote niliwaomba."

Tembo akageuka, akapanda kilima polepole, masikio yamelala.

Hadithi yangu imefika mwisho, ingawa hasira yangu bado: anayemnyima mnyonge hata moja, hilo moja ndilo litakalomwangusha.